Prague, Vienna, Budapest: mimi na wifi yangu kwenye baridi ya Januari

Kila mwaka watu wa nyumbani wananiuliza Ulaya ya baridi waje lini, na karibu wote wana Desemba kichwani, masoko ya Krismasi, mataa, picha zile. Desemba ni nzuri sikatai, hapa Dresden ninapoishi soko la Striezelmarkt lipo toka 1434 na bado linajaa, lakini unatembea mabega yamebanwa na hoteli zinakukamua mpaka basi. Mi nasema Januari katikati. Mapambo yameshatolewa, wageni wamerudi kwao, vyumba vimeshuka bei, na baridi ndo imekomaa. Hilo la baridi watu wanaliona kasoro, mi naona ndo sababu yenyewe ya kwenda, kwa sababu miji hii mitatu imejengewa baridi: migahawa ya kahawa ya kukaa nusu siku, mabwawa ya maji moto, majumba ya muziki. Mtu wa Julai anavipita vyote hivyo anatafuta aiskrimu.

Safari hii nilikuwa na wifi yangu, dada wa mume wangu, mtoto wa Tanga aliyeolewa Muscat. Nilipomwambia itakuwa mainasi akanijibu "wifi, mi miaka yote huku nakimbia jua toka mlangoni mpaka kwenye gari, niache na mimi nigande kidogo." Haya, twende.

Alhamisi, Dresden mpaka Prague

Treni ni masaa mawili na nusu hivi na mnakaa upande wa KUSHOTO, sikilizeni, kushoto, kwa sababu sehemu kubwa ya njia mto Elbe uko upande huo, na kabla ya mpaka unapita kwenye majabali marefu ya mchanga yamesimama juu ya maji na ukungu umekaa katikati. Ukivuka mpaka mto unabadilika jina unaitwa Labe, maji yale yale. Wifi alikuwa amebandika uso kwenye kioo mpaka kioo kikafanya mvuke, anafuta, kinafanya tena.

Nguo nilimpanga mimi. Fulana ya kubana ndani, sweta la sufu, koti refu, soksi za sufu, buti zenye soli ya meno kwa sababu mitaa ya mawe ikishika barafu inateleza vibaya. Hijabu ni faida kubwa kwenye upepo, masikio yako yamesitirika wakati wenzako wanahangaika na vikofia. Na mafuta ya mgando mfukoni, midomo na pua, kila nusu saa, hii usibishane na mtu.

Tumefika Prague saa tisa mchana na saa kumi na nusu jua limeshazama. Wifi akatazama simu, akatazama nje, akatazama simu tena. Huku Januari adhuhuri ni saa sita na robo hivi, alasiri saa nane, magharibi saa kumi na nusu, yaani ukizubaa kidogo sala zote tatu zinakupita kwa kikombe kimoja cha kahawa. Alivyopiga hesabu akakumbuka deni lake la funga za Ramadhani na akasikitika kweli kweli, "siku fupi hivi, ningekuja huku kulipa zote nikamaliza!"

Usiku tumekula supu ya kitunguu saumu, česnečka wanaiita, na mikate iliyokaangwa vipande ikamwagwa juu. Uliza kwanza kama imewekwa nyama ya nguruwe maana kuna wanaoweka, neno la kukariri ni vepřové, hilo ukilisikia kimbia.

Ijumaa, Prague

Tumetoka saa moja asubuhi bado giza. Nilimkokota wifi kitandani, akanuna, lakini daraja la Charles unaliona saa hiyo au usilione kabisa. Mfalme Charles wa nne aliliwekea msingi 1357, ni nusu kilomita hivi, lina masanamu 30 ya watakatifu pembeni yaliyokuja baadaye sana, na taa zake ni za gesi, walizirudisha makusudi miaka ya karibuni, kwa hiyo mwanga ni wa njano na unatetemeka kidogo. Kulikuwa na sisi, mzee na mbwa wake, na wapenzi wawili wa Kikorea wamekuja na nguo za harusi kupiga picha, bibi harusi mabega wazi, nyuzi mainasi nne! Mpiga picha akimaliza kubonyeza tu bwana harusi anamrushia koti. Mto umetoa moshi, ngome juu huioni yote, unaona nusu ya chini, halafu mawingu, halafu minara imetokeza juu yake peke yake. Wifi hakusema kitu dakika nzima na kwa mtu wa Tanga hiyo ni rekodi.

Sasa ile saa ya uwanja wa mji mkongwe. Kila mtu anaijua, ya mwaka 1410, kila saa kamili vidirisha vinafunguka sanamu za mitume 12 zinapita na sanamu ya mifupa inapiga kengele, watu wanarekodi, wanaondoka. Hilo la mitume ndo jambo dogo kuliko yote pale. Angalieni duara la nje kabisa, lina tarakimu za kizamani 1 mpaka 24, na hilo duara linasogea mwaka mzima likifuata jua, kwa sababu Wacheki wa zamani walikuwa wanahesabu saa kuanzia jua linapozama. Jua likizama saa ya 24 imekwisha, mnaanza moja. Nikamwelezea wifi, akashika kiuno katikati ya uwanja, "kumbe hawa nao walikuwa na saa moja usiku kama sisi!" Ndo hivyo. Siku ile saa moja ya kwao ingeangukia saa kumi na moja na nusu ya kwetu kwa vile jua limewahi kuondoka, lakini hesabu ni ile ile. Miaka yote nimewaeleza Wazungu kazini kwa nini saa yetu iko vile, wananitazama kama natunga, kumbe jibu liko ukutani Prague.

Baada ya hapo tumekaa ndani. Café Louvre, ilifunguliwa 1902, ghorofa ya kwanza, dari refu, chokoleti ya moto nzito mpaka kijiko kinasita. Trdelník, ule mkate wa kuzungushwa kwenye makaa wanaouza kila kona wakisema ni wa kale wa Kicheki, wenyeji nilioongea nao wanaucheka, ila kwenye baridi unapasha mikono sawasawa kwa hiyo nunua tu na usiulize historia.

Ilikuwa tarehe 16 Januari na hiyo tarehe Prague ina uzito. Mwaka 1969 mwanafunzi wa miaka 20, Jan Palach, alijichoma moto pale juu ya uwanja wa Wenceslas kupinga nchi yake kukaa kimya baada ya majeshi ya Wasovieti kuivamia Agosti 1968. Alikufa siku tatu baadaye. Mbele ya jumba la makumbusho ya taifa kuna msalaba wa shaba umelala chini kwenye mawe, umevimba kama kitu kinachotaka kutoka ardhini, na jioni ile ulikuwa umezungukwa na mishumaa na maua. Watu wanafika na mfuko wa soko mkononi, wanainama, wanawasha, wanaenda kudandia tramu. Hakuna hotuba tuliyoisikia. Wifi aliuliza alikuwa na mama? Nikamwambia ndio alikuwa naye. Tukaondoka.

Jumamosi, treni

Prague mpaka Vienna ni masaa manne kupitia Brno, mashamba meupe, vijiji, sungura, basi. Tumelala. Wifi alibeba tende za Oman na kahawa kwenye thamosi na akamgawia kondakta, akala mbili.

Vienna tumefika mchana, tumetupa mabegi, tukapanda mnara wa kusini wa kanisa la Stephansdom, ngazi 343 za kuzunguka, ukifika juu umevua koti na unatoka jasho wakati nje kila kitu kimeganda. Paa lake la vigae vya rangi lilikuwa limeshika theluji upande mmoja tu, upande wa pili zigizagi zinaonekana vizuri. Magoti ya wifi yakalalamika mpaka usiku na mimi nikaambiwa ni mimi niliyemuua.

Jumapili, Vienna

Jumapili Vienna maduka yanafungwa, hata supamaketi, labda zile za stesheni kubwa, kwa hiyo mtu asikudanganye utanunua maji na mkate asubuhi. Wenyeji wanafanyaje? Wanaenda kukaa kwenye mgahawa wa kahawa. Na hapa nitakaa kidogo maana kwangu Vienna yote ni hapa.

Café Central ya 1876 ina foleni nje kwenye baridi, wamepanga mstari na simu mkononi, mi siwezi. Tembea dakika kumi uingie wowote wa mtaani wenye viti vya velveti vilivyochakaa. Unaagiza Melange, kahawa na maziwa yenye povu, inakuja kwenye sinia dogo la chuma pamoja na glasi ya maji na kijiko kimelala juu ya glasi. Halafu? Halafu hakuna. Hakuna anayekuletea bili, hakuna anayefuta meza kwa hasira. Magazeti yamebanwa kwenye vijiti vya mbao yananing'inia ukutani, unachukua, unasoma, unarudisha. Mhudumu amevaa suti nyeusi na amenuna lakini ndo kazi yake kununa, ukimaliza maji anakuletea mengine bila kuombwa. Ni baraza la kahawa la kwetu lile lile, wamelitia kuta na hita. Mwaka 2011 huu utamaduni uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO kule Austria, na historia yake ni ya watu wa mashariki, anayetajwa kupewa kibali cha kwanza cha kuuza kahawa Vienna ni Mwarmenia, Johannes Diodato, 1685, miaka miwili tu baada ya Waturuki kuuzingira mji na kushindwa. Wifi kahawa yenyewe aliiona nyepesi, kazoea ya iliki, ila kile kitendo cha kuachwa ukae kimemkaa. Tulisoma, tulisengenya ukoo mzima kwa mpangilio kuanzia wa Pongwe mpaka wa Sharjah, nje theluji inaanguka inaacha.

Jioni Opera. Msikie, kuna tiketi za kusimama zinauzwa siku hiyo hiyo, bei yake ni sehemu ndogo sana ya kiti. Mnasimama nyuma kwenye vyuma vya kuegemea na desturi ni kufunga skafu yako kwenye chuma kushika nafasi halafu unaenda kuzunguka, na hakuna anayeigusa. Wifi alivua mtandio wa mabegani wa hariri wa Muscat akaufunga pale, mabibi wawili wa Kiaustria wakaja kuushika na kuuliza umefumwa wapi. Jengo lilifunguliwa 1869, mabomu ya 1945 yakalichoma, likafunguliwa tena 1955. Tulisimama mpaka mapumziko ya kwanza, miguu ikakataa. Yule mama aliyekuwa analia kwa kuimba bado analia mpaka leo kwa jinsi alivyokuwa na pumzi.

Jumatatu, Vienna

Tulipita mbele ya Rathaus, jumba la halmashauri ya jiji, mafundi wanaunga mabomba ya uwanja wa kuteleza kwenye barafu, kila mwaka wanauweka mwishoni mwa Januari mpaka Machi. Bado haujafunguliwa. Tukaenda Makumbusho ya Viumbe, kuna joto na kuna ile sanamu ya Venus wa Willendorf, sentimita 11 tu, ya miaka karibu elfu 30, mwanamke mnene amejaa mwenyewe. Wifi: "huyu ana amani."

Ila mimi kila nikiwa Vienna kichwa kinaenda kwa Angelo Soliman na nilimwelezea wifi tumekaa kwenye ngazi za marumaru. Mwafrika, aliuzwa utumwani mtoto, akafika Vienna karne ya 18, akawa mlezi na mwalimu kwenye nyumba ya mwanamfalme, anaongea lugha kadhaa, mwanachama wa loji ya Wamasoni (Freemason) wakati ule Mozart, yule mtunzi wa muziki, naye anazunguka kwenye kundi hilo hilo, ana mke, ana binti. Anaheshimika. Alipokufa 1796 walimchuna ngozi, wakaivalisha kwenye umbo, wakamtia manyoya na shanga za kombe, wakamweka kwenye mkusanyiko wa mambo ya asili wa Kaizari, pamoja na wanyama. Binti yake Josephine aliomba arudishiwe baba yake amzike, wakakataa. Aliungua na moto wa mapinduzi ya 1848, ndo ukawa mwisho. Hakuwa kwenye jengo hili, hili lilifunguliwa 1889, lakini makusanyo yake yametoka kwenye yale. Wifi alinyamaza halafu akamsomea Fatiha, nikamwambia lakini alibatizwa, akasema "alizaliwa wapi, unajua wewe? Acha imfikie." Sikubisha.

Tukaenda kula soseji ya kuku kwa Mturuki.

Jumanne, kuingia Budapest

Masaa mawili na dakika arobaini kutoka Vienna, mnashukia Keleti, stesheni ya 1884, kubwa, chafu kidogo, nzuri sana. Pesa ni forinti, masifuri mengi, usishtuke.

Kitu cha kwanza: tramu namba 2. Pandeni jioni jua likishazama, inatambaa ukingoni mwa mto Danube unaougawa mji, upande wa Pest, ndani kuna joto, ng'ambo yote, upande wa Buda, imewaka taa juu kilimani, na mbele yako linakuja jengo la Bunge. Kuba lake ni mita 96, na kanisa kuu la Mtakatifu Stefano nalo ni mita 96, makusudi, kwa sababu ya mwaka 896 wanaouhesabu kuwa mababu zao waliingia nchi hiyo. Tulipanda mwisho hadi mwisho tukageuza tukapanda tena. Bei ya tikiti ya tramu na onyesho zaidi ya lile la boti wanalouza watalii.

Chakula cha usiku halászlé, supu ya samaki wa mtoni, nyekundu kwa paprika. Wawili wote watu wa pwani tukainusa kwa mashaka. Wifi alimaliza bakuli akasema inakosa ndimu na akatoa ndimu kwenye mkoba. Sikuuliza imetoka wapi.

Jumatano, maji moto

Treni ya chini ya ardhi ya njano, line ya kwanza, ya 1896, vibehewa vidogo na vishikio vya ngozi, kituo kiko hatua chache chini ya barabara, mnashukia Széchenyi. Mabafu yalijengwa 1913, majengo ya njano yamezunguka mabwawa ya wazi, na maji yanatoka chini ardhini yakiwa nyuzi 70 na kitu, yanapoozwa, bwawa la kukaa linabaki karibu 38. Nje siku hiyo mainasi sita.

Kazi iko kwenye hatua za kutoka mlangoni mpaka majini. Wifi na nguo yake ya kuogelea ya mwili mzima, kandambili, taulo kichwani, alisimama kwenye mlango wa kioo anasoma kila dua anayoijua. Kisha akakimbia. Nilisikia "Yaa Latiif" halafu sikumwona tena, mvuke ni mzito kiasi kwamba mtu wa mita tatu ni kivuli. Nikamfuata. Mwili wote unaingia kwenye joto, kichwa kimebaki kwenye barafu, nyusi zinashika vijichembe vyeupe. Wazee wanacheza sataranji maji yamewafika kifuani, ubao uko kwenye ukingo wa mawe, mmoja anawaza hatua dakika kumi na hakuna anayemharakisha. Theluji ikianguka inayeyuka kabla haijagusa maji. Tulikaa mpaka vidole vikakunjamana. Njooni hapa Julai mkaone, bwawa la maji moto kwenye jua kali, utaliweza kwa muda gani?

Alasiri tumepanda kilima cha Rózsadomb kwa ombi la wifi, kwenye kaburi la Gül Baba, dervishi, yaani sufi, wa tarika ya Bektashi aliyekuja na Sultani Suleiman 1541 na akafa Buda mwaka huo huo. Waturuki walishika Buda mpaka 1686. Kuba dogo la pembe nane, waridi za bustani zote zimekatwa na kufungwa magunia kwa ajili ya baridi, chini Danube ya kijivu. Walilikarabati likafunguliwa upya 2018. Hakukuwa na mgeni mwingine, mlinzi mmoja tu amekumbatia hita ndogo. Wifi alikaa ndani muda mrefu, mi niliganda nje nikisoma vibao.

Alhamisi, mwisho

Asubuhi viatu. Ukingoni mwa Danube karibu na Bunge, jozi 60 za viatu vya chuma, vya wanaume, vya wanawake, vya watoto, vimewekwa pale 2005 kuwakumbuka Wayahudi waliopangwa mstari na wanamgambo wa Kihungaria majira ya baridi ya 1944 kuelekea 45, wakaambiwa wavue viatu kwa sababu viatu vina thamani, wakapigwa risasi waanguke mtoni. Viatu vilikuwa vimejaa theluji. Nilishaviona kiangazi, watu wamekaa pembeni wanakula. Januari unasimama, miguu yako inauma ndani ya buti na soksi mbili, na unaelewa kuvua viatu ni kitu gani.

Halafu soko kuu la 1897, wifi akanunua paprika ya kulisha kijiji, nyekundu tamu na nyekundu kali, na mwenye duka akamfundisha kuiweka kwenye mafuta yasiyo moto sana isije ikaungua ikawa chungu. Mzani wa begi lake ulikataa. Tukalifungua sakafuni kwenye ukumbi wa hoteli, makoti yote nikabaki nayo mimi, "Muscat nitayafanyia nini wifi, yatunze, mwakani nataka Kraków."

Nimemwambia Kraków inashuka mainasi kumi. Akasema ataongeza soksi.